Ekari Moja Haimli Mtu

Ukitoka Mbezi kuelekea Kibaha, au ukivuka na pantoni kwenda Kigamboni ukasonga mbele mpaka lami ikuishie, utaviona viwanja vya sura moja. Ukuta wa tofali umesimama, geti la chuma limepakwa rangi, pembeni kuna kibanda cha mlinzi. Ndani ni majani yanayomfika mtu kifuani. Kitengela viko hivyohivyo, Mtwapa vilevile. Mwenye kiwanja yupo mjini, hela ya kuanzia anayo, na simu yake imejaa picha za bustani za watu wengine. Lililomshinda ni kuanza.

Sababu zake haziishi. Mwaka jana mvua iliwahi, mwaka huu imechelewa. Kisima hakijachimbwa. Fundi aliyeahidi Jumamosi hakutokea na simu hapokei. Ukikaa naye vizuri, chai ya pili ikimiminwa, ndipo linapotoka la moyoni: eneo ni kubwa mno, hajui pa kushika, na anaogopa kufukia hela ardhini huku majirani wakimtazama. Alipokuwa amepanga chumba mjini alipanda mchicha kwenye ndoo mbili zilizotoboka, ukamea mpaka akawagawia wapangaji wenzake. Ekari nzima ni habari nyingine.

Hofu hii isichekwe. Kila ofisi ina mtu aliyelizwa na matikiti, na kila kundi la WhatsApp limewahi kupitisha ile hesabu ya kwenye karatasi: ekari inachukua miche kadhaa, kila mche unatoa matunda kadhaa, zidisha kwa bei ya sokoni ya Ijumaa, na mtu ameshanunua gari kabla hajanunua jembe. Wakenya wana jina la wanaoendesha shamba namna hiyo wakiwa ofisini: wakulima wa simu. Mtu mwenye akili timamu aliyeyashuhudia hayo ana haki ya kusita.

Lakini anayetaka bustani kubwa ya nyumbani, yenye mboga, matunda, kivuli, na maua kidogo ya kumfurahisha mama mkwe akija kutembea, hana ugomvi na bei ya soko. Ugomvi wake ni na maji, halafu na ukubwa wa lile eneo kichwani mwake. Vyote viwili vinapimika.

Ndoo elfu moja

Ekari moja ni mita za mraba 4,047. Vibarua wengi hawahangaiki na utepe. Huipiga kwa miguu, hatua 70 kwa 70. Sasa maji. Mboga iliyokomaa, kwenye joto la pwani wakati wa kiangazi, hutumia karibu milimita tano za maji kwa siku, na milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Ekari ikijaa mboga, basi, inataka lita 20,000 na ushee kila siku inayopita bila mvua. Ndoo ya lita 20 itashuka kisimani mara elfu moja leo, na kesho itashuka tena mara elfu moja.

Wapo wanaoifikia hesabu hii wakafunga daftari, wakauza kiwanja. Wenye subira huigeuza. Tuta la upana wa mita moja na urefu wa mita kumi linataka lita 50, yaani ndoo mbili na nusu. Matuta kumi ya namna hiyo ni ndoo 25. Kijana mmoja mwenye keni mbili anayamaliza kabla jua halijawa kali, na simtanki la lita 5,000 likiwa limejaa linayatosha siku kumi bila tone kutoka mbinguni. Ukijumlisha na njia za kupita katikati, matuta hayo kumi hayafiki hata sehemu moja ya ishirini ya ekari. Yakipandwa kwa zamu, tuta hili leo na lile baada ya wiki mbili, nyumba ya watu sita itapunguza sana safari za gengeni kufuata mchicha, sukuma wiki, bamia na nyanya chungu.

Kwa hiyo yule mwenye kusita alikuwa na haki nusu. Ekari nzima ya mboga ingemshinda kweli, tena ndani ya mwezi mmoja. Alipopotea ni kudhani kwamba bustani kubwa lazima ijae kwa mkupuo.

Shimo la Bamburi

Ushahidi mzuri kuliko wote katika pwani hii uko Bamburi, kaskazini mwa Mombasa, na maelfu ya watoto wa shule wameutembelea bila kujua kwamba wanatazama kazi ya mtunza bustani. Haller Park inajulikana kwa wanyama: twiga wanaolishwa na wageni, mamba, na yule kobe Mzee aliyefanya urafiki na Owen, mtoto wa kiboko aliyeokolewa baharini karibu na Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004. Zamani hapakuwa na mnyama wala mti. Palikuwa shimo.

Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza uzalishaji mwaka 1954, na malighafi yake ilikuwa mawe ya matumbawe yaliyokuwa chini ya miguu ya wafanyakazi wenyewe. Mawe yalipochukuliwa, nyuma ulibaki uwanja mweupe, mpana, uliochimbwa mpaka karibu kabisa na usawa wa maji, tena maji yenye chumvi. Udongo haukuwepo hata wa kujaza kopo. Jua la mchana lilipiga kwenye jiwe likarudi usoni kwa mtu. Mwaka 1971 René Haller, Mswisi mtaalamu wa kilimo cha bustani aliyekuwa ameajiriwa na kampuni hiyo, akaanza kujaribu kuotesha miti humo.

Hapa ndipo mwenye ekari yake ya majani angepaswa kuvuta kiti. Haller hakuchagua mti mmoja aupendao akaujaza machimbo. Alipanda aina 26, kisha akatazama ipi itavumilia. Zilizopona zilikuwa tatu: mnazi, mti uitwao damas ambao asili yake ni Somalia, na mvinje. Aina 23 zilikufa, na hakuna anayeisimulia habari hiyo kama kushindwa, kwa sababu zilikufa kwenye jaribio, kwa hasara ndogo, na kila moja iliacha jibu.

Mvinje ndio uliobeba kazi. Mti huu huvumilia chumvi, na kwenye mizizi yake kuna vinundu vyenye bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani, hivyo unajitengenezea sehemu ya mbolea yake. Ulipanda juu kwa kasi, ukatoa kivuli. Ndipo tatizo jipya likajitokeza, la aina ambayo mchoro wowote wa awali usingeweza kuionyesha: majani yake membamba yalianguka, yakarundikana, yakakataa kuoza. Yana tanini nyingi, na bakteria wa kawaida hawayawezi. Machimbo yalikuwa na miti lakini bado hayakuwa na udongo.

Dawa ilipatikana kwa kutazama chini. Kuna jongoo mweusi mwenye miguu myekundu, yule ambaye kila mtoto wa pwani amewahi kumgusa kwa kijiti ili ajikunje. Alionekana akiyatafuna majani makavu ya mvinje bila wasiwasi. Wakakusanywa majongoo kwa mamia, wakamwagwa chini ya miti. Wao walikula, kinyesi chao kikaozeshwa na bakteria, na pole pole juu ya jiwe ikaanza kujengeka ngozi nyembamba ya udongo mweusi. Miti mingine ikaweza kufuata, kisha mabwawa ya samaki, kisha wanyama. Mwaka 1984 sehemu hiyo ilifunguliwa kwa umma, miaka 13 baada ya mche wa kwanza. Miaka mitatu baadaye Haller aliingia kwenye orodha ya heshima ya Global 500 ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa. (Huku majumbani, jongoo bado anafagiliwa nje na kumwagiwa mafuta ya taa. Mtu anayetaka mboji bora angemfungulia mlango.)

Kiwanja cha Kibaha au Mkuranga kina heri kubwa kuliko lile shimo: kina udongo, hata kama ni kichanga kinachokunywa maji bila kushiba. Cha kuazima kutoka Bamburi ni mpango wa kazi. Badala ya kununua miche 80 ya parachichi kwa sababu jirani wa shemeji alisema inalipa, nunua miwili, mipapai mitatu, mstafeli mmoja, mchungwa mmoja, ipande sehemu tofauti za eneo na uangalie masika na kiangazi vitaifanyia nini. Parachichi linalostawi Njombe, Rungwe na Murang'a kwenye ubaridi haliahidi chochote kwenye joto la Mkuranga. Bora uambiwe na miche miwili.

"Mzee, tulime yote?"

Siku fundi akifika na vijana wake watatu, swali huwa lilelile. "Mzee, tulime yote?" Mwenye kiwanja ametoka mjini na hela ya vibarua mfukoni, na hataki aonekane mtu wa kusitasita mbele ya vijana. Anajibu, "Limeni yote." Kufikia saa kumi eneo limegeuka jekundu kutoka getini hadi ukuta wa nyuma, linapendeza kwenye picha, na picha inatumwa kwa ndugu wote.

Mvua ya kwanza kubwa inabeba udongo wa juu na kuupeleka kwa jirani. Ya pili inaleta ndago. Gugu hili huzaliana kwa viazi vidogo vilivyofungamana chini ya ardhi kama shanga. Jembe linapopita hukata uzi, na kila shanga huanza maisha yake. Kilichokuwa kichaka cha majani yaliyoshikana kwa mizizi sasa ni ekari ya ndago na mifereji. Hapo hofu ya mwanzo inapata vyeti vyake, na mtu anawaambia wenzake kazini kwamba kilimo ni kazi ya watu waliozaliwa nacho.

Jibu lingekuwa fupi tu: fyekeni yote, limeni hapa. Kufyeka huacha mizizi ikishika udongo, na majani yaliyofyekwa yanakuwa matandazo ya bure. Panapolimwa ni yale matuta kumi, karibu na bomba na mlango wa jikoni, maana tuta lililo mbali na macho husahaulika likanyauka. Sehemu inayobaki inaweza kupokea kunde, zinazofunika ardhi haraka na kuliwa majani kwa mbegu, au mihogo, ambayo haiombi maji ya ndoo. Au ibaki nyasi msimu mzima. Hakuna sheria ya serikali ya mtaa inayokataza nyasi fupi ndani ya ukuta wako.

Kabla ya jembe kuna penseli. Mchoro hauhitaji ufundi: ukuta, nyumba, bomba au kisima, shimo la choo, mti uliopo, na upande jua linakochomoza. Kisha vinaongezwa vitu ambavyo havionekani siku ya kupiga picha. Maji yanatuama wapi wakati wa masika? Upepo wa kusi, unaovuma pwani kuanzia karibu Aprili, unaingilia upande gani, na utamlaza nani, mgomba au mpapai? Kivuli cha nyumba kinafika wapi saa tisa alasiri? Majibu ya maswali haya hayapatikani kwa kukaa mezani. Ndiyo maana msimu wa kwanza wa matuta machache una faida mbili: unakula, na huku unaandika kwenye mchoro.

Udongo nao unajieleza kwa chupa moja tupu ya maji. Jaza theluthi moja udongo kutoka kina cha kiganja, ongeza maji, funga, tikisa kwa nguvu, weka dirishani. Mchanga unashuka ndani ya dakika moja hivi. Tope laini linafuata kwa saa kadhaa. Mfinyanzi unaweza kuning'inia kwenye maji mpaka kesho yake. Ukitazama matabaka yale matatu unajua kama bustani itakausha maji mbele ya macho yako au itayashika mpaka mizizi ioze, na katika hali zote mbili dawa ya kwanza ni samadi iliyooza vizuri, nyingi, kila msimu. Anayetaka vipimo vya kitaalamu anaweza kupeleka sampuli kituo cha utafiti wa udongo cha TARI Mlingano huko Tanga, au Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Kenya maabara za KALRO ziko Kabete. Bwana shamba au bibi shamba wa kata anajua utaratibu, na mara nyingi hakuna aliyewahi kumgongea mlango kuuliza.

Miti kumi na miwili

Miti ya matunda ndiyo inayoufanya ukubwa wa eneo usitishe, kwa sababu inakula nafasi kubwa kwa kazi ndogo. Mwembe ukipandwa kwa umbali wa mita kumi kila upande, ekari nzima inachukua 40 tu. Mchungwa kwa mita sita ni 112. Nyumba moja haihitaji hata theluthi ya hiyo. Miembe miwili ya aina tofauti, ndimu na limau, michungwa miwili, mstafeli, mpera, mkorosho ukipenda, parachichi mbili za kujaribia na fenesi kwa wenye watoto wengi: kumi na miwili hiyo, na karibu robo ekari imekwisha kutafutiwa kazi kwa miaka arobaini ijayo.

Shimo la mti lichimbwe Februari, kabla ya masika. Sentimita 60 kwenda chini, 60 upana, 60 urefu. Udongo wa juu, ule mweusi kidogo, unawekwa upande wa kulia, na wa chini, uliopauka, upande wa kushoto. Vijana wengi huuchanganya kwa mazoea, kwa hiyo simama pale. Udongo wa juu unachanganywa na debe moja au mawili ya samadi ya zamani, unarudishwa shimoni, unaachwa utulie na kupokea mvua za mwanzo. Unaporudi kwa mara ya pili na mche wako, unaona mchanganyiko umeshuka karibu kiganja kizima. Kiriba kinachanwa kwa wembe bila kuvunja bonge la mizizi, mche unaingia, na pale ulipobebeshwa panabaki juu ya usawa wa ardhi. Majani makavu yanazungushiwa shina, ila yasiliguse, maana yakilowa yataliozesha.

Mche uliobebeshwa wa embe huanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne. Kazi yake kubwa ni kuvuka viangazi viwili vya mwanzo, kwa ndoo moja mara mbili kwa wiki. Miti kumi na miwili ni ndoo 24 kwa wiki nzima, pungufu ya zile zinazoingia kwenye mboga kwa asubuhi moja. Baada ya hapo mizizi inajitafutia yenyewe.

Kwa mwenye wasiwasi, lakini, miaka minne ni mbali. Anahitaji kuona kitu wiki ijayo. Mchicha unavunwa katika wiki ya nne tangu kusiwa, matembele yakishika hayana habari na mtu, na bamia zikianza kuzaa zinataka kuchumwa siku moja baada ya nyingine. Mpapai unaweza kutoa tunda la kwanza kabla ya mwaka kuisha. Panda miche mitatu kwenye shimo moja, ngoja itoe maua, ng'oa madume, bakiza jike mmoja. Vitu hivi vya haraka humtia mtu moyo kuliko semina yoyote ya ujasiriamali.

Nyanya zisubiri. Najua ndizo kila mtu anazotaka kuanza nazo, na ndizo zinazovunja mioyo mingi. Tangu mwaka 2014 kantangaze, kiwavi wa nondo mdogo aliyetokea Amerika ya Kusini, yupo Tanzania na Kenya, na akiingia kwenye tuta anatoboa jani kutokea ndani, analiacha na mabaka yaliyokauka, kisha anahamia kwenye tunda. Ongeza ukungu wakati wa mvua na mnyauko unaotoka kwenye udongo. Anayeanza akipambana na hayo yote msimu wa kwanza atadhani yeye ndiye mwenye mkosi. Akishapita misimu miwili ya mchicha, kunde na nyanya chungu, atakuwa amejifunza kukagua chini ya majani kila asubuhi, na hapo nyanya zinaanza kuwezekana.

Saba za Kamukunji

Kwa wanaoogopa kuonekana wameshindwa, Nairobi kuna kumbukumbu. Kabla jina la Wangari Maathai halijavuka mipaka, mradi wake wa kitalu cha miche ulikuwa umekwama kwa kukosa fedha. Tarehe 5 Juni 1977, Siku ya Mazingira Duniani, yeye na wanawake wenzake wa Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya walipanda miti saba kwenye uwanja wa Kamukunji. Saba. Mingi kati ya hiyo haikuishi. Vuguvugu la Green Belt lililoanzia hapo limehesabu makumi ya mamilioni ya miti tangu wakati huo, na mwaka 2004 Maathai akapewa Nishani ya Nobel ya Amani. Wanawake wa vijijini waliokusanya mbegu na kusia vitalu hawakuwa na vyeti vya misitu. Waliotesha kwenye makopo na vyungu vilivyovunjika, wakaangaliana ni nani miche yake imeshika, wakaigana.

Miaka sabini kabla yake, kwenye mji huohuo, wakoloni wa Kiingereza walianzisha bustani ya miti, ile Arboretum ya leo, mwaka 1907, kwa sababu kavu kabisa: injini za reli ya Uganda zilikuwa zinachoma kuni, na hakuna aliyekuwa na hakika ni mti gani wa kigeni utakua haraka Nairobi. Wakajaribu aina nyingi. Wanandoa wanaopiga picha za harusi pale Jumamosi wanasimama katikati ya majibu ya jaribio la kuni.

Mti uliokataa kufa

Wengi hulala wakiogopa kwamba walichopanda kitakufa. Amani, juu katika milima ya Usambara Mashariki, tatizo lilikuja kuwa kinyume chake.

Wajerumani walianzisha kituo hicho cha utafiti mwaka 1902, na bustani yake, yenye ukubwa wa hekta 300 hivi, ikawa miongoni mwa bustani kubwa za mimea Afrika. Mimea ililetwa kutoka pande zote za tropiki, ikagawiwa vipande kwenye miteremko ili ionekane nini kinafaa katika koloni. Mkwinini ulifaa: Vita Kuu ya Kwanza ilipofunga njia za bahari, Amani ilitengeneza kwinini kwa ajili ya majeshi ya Wajerumani yaliyokuwa msituni. Mingi mingine ilisahauliwa kwenye vipande vyake, na mgeni anayetembea pale leo hukutana na mti wa Asia umesimama peke yake kando ya njia.

Kati ya iliyoletwa ulikuwamo musizi, mti mrefu wa mbao kutoka upande wa Uganda na Ziwa Viktoria. Kwao haukuwa na matata. Usambara ulipata hondohondo, ndege wenye midomo mikubwa wanaopenda tunda lake na kubeba mbegu mbali, na baadaye ukapata mapengo msituni pale magogo yalipokatwa. Ukakua kwa kasi kuliko miti ya asili inayochukua muda mrefu chini ya kivuli, ukaenea. Watu wa uhifadhi wamekuwa wakijadili namna ya kuudhibiti kwa miongo kadhaa, na eneo lilipotangazwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani mwaka 1997, musizi ulikuwa umeshajipatia uraia.

Kwa hiyo, orodha ya miche inapoandikwa, kuna safu moja ambayo wanaosita husahau kuiweka: mti huu utakuwa na ukubwa gani ukipona? Mwarobaini unasia mbegu zake kiwanja kizima na cha jirani. Mkaratusi hauna nafasi karibu na kisima. Mnazi haupandwi juu ya mahali watoto wanapocheza wala pembeni mwa maegesho ya gari. Na mwembe wa dodo uliopandwa mita tatu kutoka ukutani unapendeza sana kwa miaka mitano. Ukifika wa kumi na tano ukuta umeshaanza kupasuka, na jirani ameshakuja mara mbili, kanzu yake ya Ijumaa bado mwilini, kuzungumzia matawi yaliyo juu ya mabati yake na maembe yanayoangukia humo usiku.